Shingo ya Béata

Kwa maneno ya Mama Angèle, jirani wa nyumba ya juu, msichana aliyepotea njiani alikuwa Munande, mtu wa kabila la Wanande kama yeye, mzaliwa wa Butembo, aliyekuja Goma kumsalimu shangazi yake. Wakati wa kurudi akapanda kamyo, lori la mizigo. Walipofika kule chini kwenye uwanda wa wanyama, mbele ya daraja, wakakuta mti umelazwa katikati ya barabara na mtu wa koti jeupe amesimama pembeni. Watu wote wakashushwa, wakapangwa mstari, na yule mtu akapita akiwabonyeza shingo mmoja mmoja, kama mtu anavyobonyeza avoka sokoni kujua kama imeiva. Hapo msichana akakohoa. Kukohoa tu, mara mbili. Yule mtu akamrudia, akambonyeza tena, akakuta kijiwe chini ya ngozi, akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba ya mabati. Kamyo ikangoja, ikangoja, ikachoka ikaenda zake.

"Tangu siku ile," Mama Angèle alisema, "hata kitambaa chake cha kichwa hakijarudi kwao."

"Labda alikuwa mugonjwa," Mukabalisa akasema.

"Mugonjwa! Mama Mukashyaka, weye ulishaona mugonjwa anatembea na miguu yake, kikapo ya maharagi mukononi, halafu anapotea kama moshi? Wale ni batumbula. Banakamata mutu, banamuchoma sindano ya mugongo, anakuwa bubu, halafu banamulisha mpaka ananona. Kisha nani anamukula? Miye sisemi kitu. Nasema tu ile nilisikia."

Mukashyaka, binti mkubwa wa Mukabalisa, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagi. Alikuwa ameisikia habari ile mara tatu sasa. Mara ya kwanza msichana alikuwa na mtoto mgongoni. Mara ya pili hakuwa na mtoto. Leo ameongezewa kikapo. Mukashyaka alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yake ilikomea mwaka wa tano wa primeri, lakini alikuwa na tabia ya kuyaweka maneno ya watu kichwani na kuyalinganisha polepole, bila kusema lolote. Hakuiamini habari ile. Ila alimtazama mama yake, akaona vidole vyake vimeacha kusuka mkeka. Na wakati uleule, kutoka ndani ya nyumba, Béata akakohoa.

Mama Angèle akageuka kutazama mlango.

Béata, mdogo wa Mukashyaka, alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka ule alikuwa amemaliza shule ya misioni akiwa wa kwanza kati ya wasichana wote. Padri akaandika barua, barua ikajibiwa: Masista wa kule kaskazini, mbali kupita Beni, walikubali kumpokea katika koleji yao, wamfundishe kuwa mwalimu. Barua ilisema awe amefika Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa, kabla ya adhuhuri. Asiyefika, nafasi yake itapewa mwingine, maana waliokuwa wakingoja nyuma ni wengi. Papa yao, Habarurema, seremala wa milango na madirisha ya nyumba za wazungu kule Himbi, aliisoma barua ile mbele ya kila mtu aliyekubali kusimama. Kuwa na binti mwalimu! Kwao Rutshuru, katika ukoo wote, hakuwapo hata mmoja.

Kikohozi chenyewe hakikuwa kitu. Kilianza na kiangazi, na lile vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Lakini tangu Mama Angèle aiingize habari yake ndani ya nyumba ile, Mukabalisa alikuwa akiwaka kama mtu mwenye homa. Kila Béata alipokohoa, yeye alishika shingo yake mwenyewe. Siku ya nne akasema:

"Ni kilimi."

Na nani angebisha? Kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kikirefuka kinagusa ulimi, na mtu anakohoa mchana na usiku. Dawa yake ni kukipunguza. Mukashyaka alikatwa chake angali ananyonya. Béata peke yake ndiye aliyebaki na chake, kwa sababu alizaliwa baada ya Papa kubatizwa, na padri alikuwa ametangaza altareni kwamba mzazi atakayempeleka mtoto kukatwa kilimi asithubutu kuja kukomunika. Serikali nayo ilikataza, ikataja gereza. Papa alikuwa mtu wa kushika neno. Akisema kitu hakiingii nyumbani mwake, hakiingii.

Basi Mukabalisa alingoja siku ambayo mume wake alikwenda Himbi kutia madirisha. Akawachukua binti zake wawili mpaka nyuma ya Kituku, karibu na ziwa, kwa bikizee mmoja aliyejulikana kwa kazi ile. Mukashyaka ndiye aliyeshika kichwa. Alikibana kati ya magoti yake, mikono mashavuni, na macho ya Béata yakamtazama kutoka chini, yamefunguka yote. Bikizee akakandamiza ulimi kwa kijiti, akaingiza kisu chake kirefu kilichopinda kama mundu mdogo, akavuta mara moja. Ilisikika sauti ndogo sana, kama mtu anayekata uzi. Kisha damu juu ya jani la mgomba, na kitu chekundu ambacho bikizee aliwaonyesha kwa fahari.

"Muone urefu yake. Kingemuua huyu."

Siku ya tatu kikohozi kikaisha. Mukabalisa akaimba akipika. Siku ya tisa Béata akaanza kusukuma sahani pembeni. Na jioni ya kuamkia safari, Mukashyaka alipokuwa akimnyoa nywele kama Masista walivyotaka, vidole vyake vikapita chini ya taya la kushoto vikakuta jiwe. Chini ya jiwe, jingine.

"Hii ni nini?"

"Hakuna kitu."

"Béata."

"Yaya, dada yangu, usimwambie Papa." Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu anayesema huku amejaza bugali mdomoni. "Ukisema, atauliza habari ya kilimi. Atamufukuza Mama. Na miye sitaenda. Niapie."

Mukashyaka alikaa na wembe mkononi. Alimjua mdogo wake: huyu alikuwa ameshaondoka, ni mwili tu uliobaki Goma unangoja kamyo. Akaapa.

Mama yao aligundua mwenyewe alfajiri, alipomfunga Béata kitambaa shingoni kwa ajili ya baridi ya njiani. Mkono wake ukasimama palepale. Hakuuliza. Akakizungusha kitambaa mara ya pili, akakaza fundo, akasema kwa sauti ya chini:

"Bakikuuliza, ni jino. Umesikia? Jino ya nyuma."

Kamyo ya Grégoire ilipaswa kuondoka Alhamisi, lakini ilivunjika springi, kwa hiyo iliondoka Jumamosi, na siku zote za akiba zikawa zimekwisha. Grégoire alikuwa Munande mnene, mtu wa mdomo. Alipakia chumvi na sabuni za duka moja la Butembo. Juu ya mifuko ya chumvi walipanda Mukabalisa, binti zake, na mama wawili wa biashara. Papa alipewa nafasi ya mbele, karatasi zote zikiwa katika mfuko wa koti lake la Jumapili.

"Madamu mwalimu!" Grégoire alimwita Béata kabla ya kuwasha. "Siku utapewa fimbo, uanze na mutoto wangu wa tatu. Akiandika jina yake, unasema kuku imepita."

Béata akatabasamu na mdomo umefungwa.

"Hanijibu! Hata shule hajafika, ameshakuwa mukubwa juu yetu."

"Anajifunza kunyamaza," Papa akasema, na furaha yake ikasikika mpaka nyuma. "Masista hawapendi mutoto wa makelele."

Mama wa biashara wakacheka. Mukashyaka alitazama miguu yake.

Wakaondoka. Kushoto, mlima wa moto ulikuwa umefunikwa na wingu lake. Kamyo ilipanda juu ya mawe meusi, ikapita kwenye baridi ya juu ambako watu walisimama kando ya barabara wamejifunga mablanketi, kisha ikaanza kushuka upande wa Rutshuru. Mama wa biashara walikula ndizi, wakagombana juu ya bei ya chumvi, wakalala. Mukabalisa alishika rozari. Mukashyaka alimtazama mdogo wake.

Alimtazama namna mtu anavyotazama maziwa motoni. Kila Béata alipotaka kumeza mate, alifumba macho kwanza, akainua mabega, akajikaza kama mtu anayenyanyua mzigo, ndipo akameza, na chozi moja likatoka. Mukashyaka akaanza kuhesabu kimoyomoyo kutoka kumeza mpaka kumeza. Mwanzoni alifika sitini. Baadaye mia. Walipoanza kuona mashamba ya kahawa, akahesabu mpaka akapoteza hesabu, kwa sababu Béata alikuwa ameacha kumeza kabisa. Alikuwa akiinamisha kichwa na kuyaacha mate yatoke yenyewe ndani ya kitambaa. Yalikuwa mazito, na yalikuwa na harufu.

Rutshuru kamyo ilisimama kutiwa maji. Ilisimama, kama kwa makusudi, mahali ambapo mtu akigeuza kichwa anaona geti la hospitali, na mfanyakazi akifagia njia ya mbele kwa utulivu.

"Mama," Mukashyaka akasema.

"Nini?"

"Hospitali iko pale."

"Nimeiona. Niko na macho." Mukabalisa hakugeuka. Rozari ilikuwa imezungushwa mkononi mwake mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Munganga wa pale atauliza nani alikata. Papa yenu atasikia. Halafu Jumatatu itapita, na huyu atanililia mpaka nife. Tufike kwanza. Masista hawakosi dawa."

Mukashyaka alimtazama Béata. Béata akatikisa kichwa: hapana. Akamshika yaya yake kifundo cha mkono, akakibana. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

Ingekuwa rahisi. Kuruka chini, kuzunguka mpaka mbele, kugonga mlango: Papa. Neno moja tu. Mukashyaka aliliweka neno lile ulimini, akalishikilia huko, naye Grégoire akafunga kifuniko cha maji, akajipangusa mikono, akapanda. Geti la hospitali likaenda nyuma, likawa dogo, miti ikalifunika.

Baada ya Rutshuru barabara ilishuka mpaka uwandani, na joto likawakuta kama mlango wa tanuru. Majani yalikuwa makavu mpaka mwisho wa macho. Nyati walisimama mbali kama mawe. Mama mmoja wa biashara aliamka, akaeleza bila kuulizwa kwamba mwaka jana kamyo ililala hapa kwa sababu ya pankcha, na asubuhi wakakuta nyayo za simba zimezunguka magurudumu yote manne.

"Bila kukula mutu?" mwenzake akauliza.

"Walikuwa wembamba sana, unafikiri simba haina macho?"

Wakacheka. Béata alikuwa ameegemea mfuko wa chumvi, kichwa kimeelekea upande mmoja na hakirudi. Sasa Mukashyaka alisikia kitu kipya chini ya ngurumo ya mashine. Kila pumzi iliyoingia ilipiga filimbi nyembamba. Iliyotoka haikuwa na sauti. Iliyoingia tu. Alisogeza sikio, akatumaini ni ubao wa kamyo. Akaweka mkono juu ya ubao, akaukandamiza. Filimbi iliendelea.

Ndipo akaelewa kwamba asubuhi yote walikuwa wakiogopa mtu wa koti jeupe, na kumbe kitu cha kuogopa wamepanda nacho kamyo.

Mti ulikuwa umelazwa kweli katikati ya barabara. Nyumba ya mabati ilikuwapo kweli. Na mtu wa koti jeupe alisimama pembeni, kama Mama Angèle alivyosema, isipokuwa huyu alikuwa kijana mwenye miwani, na wino ulikuwa umemwagikia mfuko wake.

"Munganga Léopold!" mmoja wa mama wa biashara akamwita kama mtu wa nyumbani. "Ungali hujaoa?"

"Nangoja binti yako akomae. Wote chini! Karatasi mukononi, shingo wazi. Mama, toa kitambaa. Na weye mutoto, toa."

Mukabalisa alitaka kufungua fundo la Béata, vidole vikashindwa. Mukashyaka akamfungulia.

Wakapanga mstari: mama wa biashara, Papa, Mukabalisa, Mukashyaka, na Béata wa mwisho. Munganga, muuguzi wa serikali, alipita akibonyeza shingo upande wa nyuma, chini ya masikio, akitafuta ugonjwa wa usingizi. Vidole vyake vilinuka spiriti. Alipomfikia Mukashyaka akamgeuza kidogo, na kutoka pale Mukashyaka aliona nyuma ya nyumba ya mabati. Kulikuwa na benchi. Wanaume wawili na bibi mmoja walikuwa wamekaa juu yake wakila mahindi ya kuchoma, na mmoja alikuwa akimcheka mwenzake kwa jambo fulani. Wote walikuwa wembamba, hakuna aliyenoneshwa.

Kisha munganga akamshika Béata. Vidole vikaenda nyuma ya shingo, vikatua, vikarudi mbele, vikasimama chini ya taya.

"Hapa iko nini?"

"Jino," Mukabalisa akasema upesi. "Jino ya nyuma, munganga. Tangu juzi."

Papa aligeuka akamtazama mke wake. Hakuwa amesikia habari ya jino lolote. Lakini mti ulikuwa bado umelala barabarani, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na alikuwa papa wa mwalimu.

"Ndiyo, munganga," akasema. "Jino."

Munganga alibonyeza tena. Béata hakupiga kelele. Machozi tu yalimwagika.

"Ile ya usingizi inakaa nyuma ya shingo. Hii iko mbele. Ni jino, kweli, na limeoza vizuri." Akachukua kadi, akaipuliza, akapiga muhuri. "Kule munakwenda mutafute mutu wa kung'oa. Muende mbio, kule mulimani njia ni ya zamu, saa nane banafunga kupanda ili wengine bashuke, na kesho siku ya Mungu banafunga siku nzima."

Basi. Ndiyo hiyo tu. Mukabalisa alitoa pumzi iliyokuwa imefungwa tangu alfajiri. Papa alikunja kadi, akaiweka karibu na barua. Mlinzi wa kizuizi akaanza kuinua mti kwa kamba. Grégoire tayari alikuwa kwenye usukani, mashine inanguruma.

Béata alitembea hatua nne kuelekea kamyo, akasimama. Aliweka mkono kwenye ubao kama anataka kupanda, lakini hakupanda. Alifungua mdomo. Shingo ilinyooka mbele kama ya kuku anayetaka maji, na filimbi ikasikika waziwazi, bila ngurumo ya kuificha. Midomo yake haikuwa na rangi ya midomo.

Mukashyaka alirudi kwenye meza.

"Munganga. Si jino."

"Mukashyaka," mama yake akasema chini chini, kama anavyomwita mtoto aliye karibu na moto.

"Alikatwa kilimi. Leo ni siku ya kumi na mbili. Miye ndiye nilimushika kichwa. Tangu asubuhi hamezi hata mate."

Hakumtazama mama yake. Alitazama doa la wino.

"Unasema nini?" Papa akauliza. "Nani alikatwa?"

Munganga alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alimketisha Béata kwenye kiti chake mwenyewe, akachukua tochi na kijiko, akamwambia fungua. Mdomo ulifunguka kidogo tu, upana wa kidole. Akainama, akamulika, akakaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, mizaha aliyowafanyia mama wa biashara ilikuwa imemtoka usoni.

"Nani alikata?"

"Ni miye nilimupeleka," Mukabalisa akasema.

"Sheria inataka niandike."

"Andika."

Munganga alishika kalamu, akaiweka chini. "Nitaandika kesho. Sikilizeni. Kuna usaha nyuma ya koo, mfuko muzima. Unavimba, njia ya pumzi inabakia kama uzi. Ukifunga, amekwisha. Ukipasuka akiwa amelala, unamushukia kifuani, amekwisha vilevile. Niko na penisilini ya kumuchoma mara moja. Lakini kisu cha kufungua mahali pale si changu. Daktari iko Rutshuru. Leo. Sisemi kesho."

"Tutafika na nini?" Papa akauliza. "Gari yako iko wapi?"

"Gari ya kazi inakuja Jumanne. Miye niko na kinga." Akaonyesha baiskeli iliyoegemezwa ukutani. "Na magari ya kushuka kutoka mulimani hayafiki hapa mbele ya jioni."

Papa alitoa kadi mfukoni, ile yenye muhuri ambao wino wake ulikuwa bado haujakauka, akaitazama kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine kwa makosa. Kisha akamtazama mke wake.

"Mukabalisa."

Katika miaka yote, watoto wake hawakupata kumsikia akimwita kwa jina lile. Alimwita Mama Mukashyaka, hata wakati wa hasira. Mukabalisa alikaa chini pale pale, vumbini, miguu imenyooka mbele, kama wanawake wanavyokaa kwenye matanga. Papa alisimama juu yake na kadi mkononi, na ikaonekana kwamba mtu huyu, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hakujua miguu yake impeleke upande gani.

Munganga alichoma sindano. Béata hakushtuka hata kidogo. Alipoona Mukashyaka amesogea, alimshika gauni. Akainua mkono mwingine, akaonyesha mbele, kwenye mti ulioinuliwa, kwenye barabara nyeupe inayokwenda mpaka ukuta wa milima ya buluu. Hakuweza kusema, lakini macho yake yalisema yote, na hayakuwa macho ya mdogo kwa yaya yake. Ulikuwa umeapa, yalisema.

Mukashyaka alikifungua kidole kimoja, kisha cha pili, mpaka gauni likaachiwa.

Alitembea mpaka kwenye kamyo. Mama wa biashara walikuwa wamekwisha kupanda, wamekaa juu ya chumvi yao, wanaangalia jua.

"Tunangoja nini?" mmoja akauliza. "Mulima utafungwa. Munataka tulale hapa na simba mpaka Jumatatu?"

"Mutoto ni mugonjwa, wee mama," mwenzake akasema.

"Kila mutu ana mutoto. Miye niko na watano Butembo, wananingoja."

Mukashyaka alipanda juu ya kikanyagio cha mlango. Hakuwahi kumsemesha dereva peke yake. Dereva ni mtu wa Papa, wa wanaume. Joto la mashine lilimpiga tumboni. Ndani, Grégoire alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia yote. Dirisha lilikuwa wazi. Kwenye kioo cha pembeni alionekana Béata kwenye kiti cha munganga, shingo mbele, mdomo wazi, na Papa amesimama kama mti.

"Papa Grégoire," Mukashyaka alisema. Akashika ukingo wa dirisha. "Geuza kamyo. Uturudishe Rutshuru. Chumvi haiozi. Nakuomba, Papa. Geuza."

Grégoire alitazama barabara ya mbele. Akatazama jua. Akatazama kioo, akakitazama tena. Mkono wake mmoja ukashuka kutoka usukani, ukashika fimbo ya vitesi, ile ya kubadili gia, ukabaki pale, na fimbo ikatetemeka pamoja na mashine. Juu, mama mmoja wa biashara akapiga paa la kabini kwa ngumi, mara mbili, kama watu wanavyopiga kumwambia dereva twende.

Mukashyaka hakushuka kwenye kikanyagio.